Simu Mkononi mwa Mwenyewe: Mwongozo kwa Mtaalamu Mpya wa Tiba kwa Vitendo

Kila wanafunzi wa tiba kwa vitendo wanapokuja kwenye mafunzo ya wodini na kliniki hapa Moshi, swali moja hurudi kabla wiki ya pili haijaisha: mgonjwa ameomba afundishwe kutumia simu tena, je, hiyo nayo ni kazi yetu au ni ya fundi simu? Likishajibiwa hilo huja la pili, nianzie wapi, na la tatu, nitumie programu gani. Nimeyajibu mara nyingi kwenye korido, nikiwa na faili mkononi na mteja mwingine ananisubiri, kwa hiyo nayaweka hapa kwa mpangilio ninaoufuata mwenyewe.

Kazi ni yetu. Sisi hushughulika na mambo ambayo mtu anahitaji kuyafanya katika siku yake, na sehemu kubwa ya mambo hayo imehamia ndani ya simu. Mama anayekaa Pasua hununua umeme kwa simu, hupokea kwa simu fedha anazotumiwa na mwanawe aliyeko Dar es Salaam, hulipa hisa za VICOBA kwa simu, na taarifa ya msiba humfikia kupitia kundi la WhatsApp la ukoo. Akipata kiharusi, nasi tukamfundisha kufunga vifungo vya gauni na kuishia hapo, tutakuwa tumemrudisha nyumbani kwa nusu tu ya maisha yake. Ikiwa msimamizi wako anataka hoja ya kisheria, mwonyeshe Ibara ya 9 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009. Ibara hiyo inazitaja teknolojia za habari na mawasiliano pamoja na majengo na usafiri.

Vitu vya kuandaa kabla ya kuanza

Cha kwanza ni simu ya mteja mwenyewe, si yako. Nilipokuwa mgeni kazini nilimfundisha bibi mmoja kwa wiki mbili kwenye simu janja yangu, akaweza vizuri, kisha siku ya kuruhusiwa akatoa kitochi, simu ndogo ya vitufe, kwenye pochi na kuniuliza, "Sasa mwanangu, na hii?" Wiki mbili zilipotea kwa sababu sikuuliza.

Hakikisha pia kwamba simu ina chaji, chaja ipo, kuna salio dogo, na laini imesajiliwa kwa jina la mteja. Tangu usajili kwa alama za vidole uanze mwaka 2019, wapo wagonjwa wanaotumia laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho cha mtoto au jirani, na jambo hilo hugunduliwa siku ambayo namba ya siri inahitaji kubadilishwa. Kwa kupiga *106#, mteja anaweza kuangalia namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake cha NIDA.

Kwa upande wa vifaa vya mikono, andaa kipande cha tyubu kuukuu ya baiskeli, mfuko mdogo wa kitenge uliojazwa mchele na kushonwa, ukanda wa velcro, kalamu iliyokwisha wino, foili ya jikoni, kipande cha sponji ya kuoshea vyombo, na tepu nyekundu ya mafundi umeme. Vyote hivi hupatikana sokoni Mbuyuni au nyumbani kwa mteja. Usisubiri kifaa maalumu kitoke ng'ambo.

Hatua za kazi

1. Uliza shughuli, usiulize kifaa.

Mteja anaposema anataka simu, bado hajakuambia anachokitaka. Mzee mmoja kutoka Kibosho, ambaye mkono wake wa kulia ulikuwa umedhoofika baada ya kiharusi, alinijibu hivyo hivyo. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, nikamuuliza simu imsaidie nini. Akasema, "Nataka tu niijue." Nikamuuliza kitu cha kwanza atakachokifanya akishaijua. Alinyamaza, akamtazama mjukuu wake aliyekaa mlangoni, akasubiri mpaka kijana alipotoka kwenda kununua maji, ndipo akasema kwa sauti ya chini, "Nataka kuona salio langu bila mtu mwingine kuliona."

Hilo ndilo lililokuwa lengo la tiba, na lisingesemwa mbele ya mjukuu. Kosa linalorudiwa zaidi katika hatua hii ni kumuuliza mteja mbele ya ndugu zake, au vibaya zaidi, kuwauliza ndugu badala yake. Tafuta dakika kumi za faragha. Kisha tumia kile kipimo cha Kanada cha utendaji wa shughuli tunachokiita COPM: mteja anataja shughuli, anaeleza kwa alama 1 hadi 10 ina umuhimu gani kwake, anaifanya vizuri kiasi gani sasa, na ameridhika kiasi gani. Andika alama hizo kwa kalamu, kwa sababu utazihitaji baadaye.

2. Mtazame akifanya, na uvunje shughuli vipande vipande.

Usimuulize kama anaona vizuri au kama mkono unafanya kazi, kwa maana atakujibu kwa heshima kwamba anaendelea vizuri. Mpe simu, umwombe afanye lile jambo alilolitaja, ukae kimya na daftari.

Chukua mfano wa kununua umeme. Kufungua menyu, kuchagua huduma, kuandika namba ya mita, kuandika kiasi, kuweka namba ya siri, kungoja ujumbe, kuusoma, kwenda kwenye mita, na kuingiza zile tarakimu 20 za LUKU ni vipande tisa, na kila kimoja kina mahali pake pa kuvunjika. Mama mmoja alifanya vipande vinane bila tatizo lakini mita ikakataa, akajaribu tena ikakataa, akahitimisha kwamba TANESCO wamemletea namba mbovu. Nilipomwomba asome tarakimu hizo kwa sauti nilisikia kwamba kila mstari alikuwa akiuanzia katikati. Kiharusi kikidhuru upande wa kulia wa ubongo, mtu anaweza kuupuuza upande wa kushoto wa kila anachokitazama ingawa macho yake ni mazima, na mwenyewe hajui kwamba anaupuuza. Kumwambia aangalie vizuri hakusaidii chochote.

Kilichomsaidia ni tepu nyekundu. Tuliibandika kwenye ukingo wa kushoto wa simu, tukakubaliana kwamba hasomi mstari wowote kabla jicho halijaigusa tepu. Tarakimu 20 tulizihamishia kwenye karatasi katika mafungu matano ya tarakimu nne nne, fungu moja chini ya jingine, na kila fungu analoliingiza kwenye mita analiwekea alama ya vema.

3. Panga mwili kwanza, kifaa baadaye.

Mteja akae kwenye kiti chenye mgongo, nyayo zikanyage sakafu, na mkono uliodhoofika uwekwe mezani juu ya mto au khanga iliyokunjwa. Bega lililolegea baada ya kiharusi lisiachwe lining'inie, na kamwe usimvute mteja kwa mkono huo ili kumsogeza karibu na meza. Simu ilazwe juu ya kile kipande cha tyubu ili isiteleze, au iegemezwe kwenye mfuko wa mchele, ambao unaweza kuufinyanga ukapata mwinamo wowote unaotaka. Mkono mmoja ukishaondolewa kazi ya kushika simu, hubaki na kazi ya kubonyeza tu, na mara nyingi hapo nusu ya tatizo imekwisha.

Kuna onyo moja la kulisisitiza. Mteja aliyeumia uti wa mgongo, au mwenye ganzi ya mikono kwa sababu ya ukoma au kisukari, hahisi joto. Simu inayochajiwa isikae mapajani mwake wala chini ya mto wake. Vidonda vya moto visivyohisiwa vinachukua miezi kupona.

4. Rekebisha simu iliyopo.

Kitochi kisidharauliwe. Vitufe vyake vina mwinuko unaohisiwa kwa kidole, kitufe cha 5 huwa na kinundu kinachomwelekeza asiyeona mahali tarakimu nyingine zilipo, na chaji hukaa siku kadhaa. Kwa mteja ambaye lengo lake ni kupiga simu na kutuma pesa, mimi humwacha na kitochi chake, hata kama mtoto wake ameahidi kumnunulia simu janja. Watoto huahidi simu janja kwa upendo, lakini kioo laini ni kigumu kwa kidole kinachotetemeka.

Kwenye simu janja za Android, fungua Mipangilio kisha Ufikivu. Baadhi ya simu huiita sehemu hiyo kwa jina refu linalotaja matatizo ya kuona au kusikia. Humo utakuta kuongeza ukubwa wa maandishi, kukuza skrini, kurefusha muda wa kugusa na kushikilia kwa anayetetemeka, na TalkBack, yaani programu inayosoma kwa sauti kilichoko kwenye skrini, kwa asiyeona. Badilisha kitu kimoja kwa kipindi kimoja. Nimeona wanafunzi wakiwasha mambo matano kwa dakika tano, na mteja akarudishiwa simu asiyoitambua.

Kuhusu kuandika kwa sauti, kibodi ya Google hupokea Kiswahili ukiichagulia lugha hiyo, nayo ni msaada mkubwa kwa mtu ambaye vidole havimtii lakini ulimi ni mzima. Ikiwa kiharusi kimefanya matamshi yawe mazito, au kama mzee anachanganya Kichaga na Kiswahili katika sentensi moja kama wazee wetu wafanyavyo, mashine itaandika maajabu. Hapo mfundishe kutuma ujumbe wa sauti wa WhatsApp, ambao haumhitaji mtambo kuelewa chochote. Anayeupokea ni binti yake, na binti anaielewa sauti ya mama.

5. Tengeneza kishikio pale kidole kinaposhindwa.

Skrini ya simu janja haitambui msukumo, bali hutambua umeme mdogo unaopita kwenye mwili wa binadamu. Ndiyo maana kijiti kikavu au kalamu ya plastiki haifanyi kazi. Toa mrija wa wino kwenye kalamu, chomeka kipande kidogo cha sponji yenye unyevunyevu kwenye ncha, kisha zungushia foili kuanzia kwenye sponji hadi mahali mkono unaposhika. Kwa mteja asiyeweza kushika, ifunge kalamu hiyo kwenye ukanda wa velcro unaozunguka kiganja.

Foili lazima iguse ngozi. Ya kwanza niliyoitengeneza niliipamba kwa kitambaa ili isimkwaruze kijana mmoja aliyeumia shingo katika ajali ya bodaboda, na kitambaa kikakaa kati ya foili na kiganja. Skrini haikuitikia hata mara moja. Mimi niliona ni hitilafu ya ufundi, lakini yeye alidhani mkono wake umekufa zaidi ya alivyoambiwa, na ilinichukua kipindi kizima kumtoa katika wazo hilo. Tangu hapo kila kifaa nakijaribu kwenye mkono wangu kabla mteja hajakiona.

Kwa mteja aliyeumia kwenye usawa wa pingili ya sita ya shingo kuna jambo la kulinda: akiinua kifundo cha mkono kuelekea juu, vidole vyake hujikunja vyenyewe na kupata mshiko mdogo, ambao unatosha kubana kalamu. Usimnyooshe vidole huku kifundo kikiwa kimeinuliwa, na uwakataze ndugu wanaomfanyia mazoezi nyumbani kwa nia njema, kwa sababu kano zikilegea mshiko huo hupotea.

6. Fundisha kuanzia mwisho.

Wengi huanza na kuwasha simu na kumalizia na kutuma, na mteja huchoka katikati akabaki na kumbukumbu ya kushindwa. Fanya wewe vipande vyote isipokuwa cha mwisho, mwachie mteja kile cha mwisho tu, yaani kubonyeza kitufe cha kutuma. Akikiweza bila msaada, mwachie viwili vya mwisho, kisha vitatu, hadi wewe ubaki umekaa tu. Kila kipindi huishia na pesa kufika au ujumbe kwenda, na mtu mwenye tatizo la kumbukumbu hujifunza vizuri zaidi anapofanya sahihi kuliko anapokosea na kusahihishwa. Vipindi viwe vifupi, dakika 15 hadi 20, na mazoezi ya kutuma yawe ya shilingi mia chache kwenda kwa mtu mliyekubaliana naye.

7. Namba ya siri ibaki siri, hata kwako.

Hapa nawaomba wenzangu wawe wakali. Usiijue namba ya siri ya mteja, usimwekee, usiiandike kwenye faili, na usikubali hata akikupa kwa hiari. Mazoezi ya kubonyeza tarakimu nne yafanyike kwenye kikokotoo cha simu kwa tarakimu za uongo, na wakati wa namba halisi ugeuke utazame dirishani ili aone kwamba umegeuka. Ndugu waliopo nao wageuke. Wakikuona wewe umefanya hivyo, wataona haya kutofanya.

Kwa anayetumia TalkBack kuna hatari ambayo vijana wengi hawaijui. Menyu za pesa zinazofunguliwa kwa nyota na alama ya reli mara nyingi haziifichi namba ya siri kama programu zifanyavyo, kwa hiyo simu inaweza kuitamka tarakimu moja moja kwa sauti mbele ya kila aliyepo. Awe na spika ya masikioni, aiweke sikio moja, na azoee kuichomeka kabla ya kupiga *150*00# au namba ya mtandao wake.

Mfundishe pia kuhusu utapeli katika kipindi hiki hiki, usiuahirishe. Ujumbe wa "ile hela nitumie kwenye namba hii" humfikia kila Mtanzania, ila mtu aliyepata simu tena baada ya miezi ya ukimya hufurahia kila ujumbe unaoingia. Kanuni niliyompa yule mzee wa Kibosho ni kwamba hatumi chochote kabla hajaisikia sauti ya anayeomba, kwa kumpigia kwenye namba aliyokuwa nayo tangu zamani. Ujumbe wa kitapeli huripotiwa kupitia namba 15040.

8. Toka naye nje ya kliniki.

Chumba chetu ni kimya, meza iko sawa na mwanga ni mzuri, lakini dirisha la wakala pale Kiboriloni siku ya soko halina hata kimoja kati ya hivyo. Jua hupiga kwenye kioo, foleni inasukuma, na wakala anaharakisha. Nenda naye mara moja, saa ambayo si ya msongamano, ukae nyuma yake na si mbele. Mfundishe sentensi moja ya kumwambia wakala, kwa mfano, "Kaka, naomba unisubiri, mkono wangu unakwenda polepole," kwa kuwa wakala anayeambiwa hivyo husubiri, lakini asiyeambiwa hunyoosha mkono na kuomba simu amfanyie. Simu isitoke mkononi mwa mteja.

9. Pima tena baada ya wiki sita.

Rudi kwenye zile alama za COPM bila kumwonyesha za mwanzo. Ongezeko la alama 2 au zaidi huhesabiwa kuwa mabadiliko yenye maana kwa mteja. Yule mzee alijipa 2 siku ya kwanza na 7 siku ya kurudi. Kwa mazoea ya kazi nilimuuliza kama salio ameliona, akacheka, "Nimeliona, mwanangu. Ila sikutajii."

Mambo yanapokwama

Simu imeanza kuongea yenyewe na haifunguki. TalkBack imewashwa kwa bahati mbaya, mara nyingi kwa kushikilia vitufe vyote viwili vya sauti. Vishikilie tena kwa pamoja kwa sekunde kama tatu. Ikishindikana, gusa mara moja kuchagua, gusa mara mbili haraka kufungua, na utumie vidole viwili kusogeza ukurasa hadi kwenye mipangilio uizime.

Menyu ya pesa inajifunga kabla mteja hajamaliza. Menyu hizo zina muda wake na huwezi kuurefusha. Mteja aandae kila kitu kwenye karatasi kabla ya kupiga: namba ya mpokeaji, kiasi, na mpangilio wa tarakimu za kuchagua. Namba za kila siku zihifadhiwe. Kama bado muda hautoshi na simu ni janja, hamia kwenye programu ya mtandao husika, kwa kuwa hiyo humpa mtu nafasi zaidi ya kufikiri.

Skrini haiitikii kalamu ya foili. Angalia kama foili imechanika, kama sponji imekauka, au kama kioo cha ulinzi kilichobandikwa juu ya skrini ni kinene mno. Jaribu kwa kidole chako kwanza. Kidole kikishindwa, tatizo ni la simu.

Alama za vidole hazisomeki wakati wa kusajili laini. Mikono ya wakulima wa kihamba na ya waliougua ukoma au kuungua moto husumbua mashine. Ajaribu vidole vyote kumi na si gumba pekee, mikono ikiwa imeoshwa na kukaushwa. Kama mikono haina vidole, usimsafirishe mteja kwa daladala mbili kabla hujaulizia kwenye duka la mtandao wa simu utaratibu wa watu wa hali hiyo. Upige simu wewe mwenyewe na umtaje unayezungumza naye kwenye barua utakayompa mteja.

Akaunti imefungwa kwa kukosea namba ya siri. Kuifungua hufanywa na mtandao baada ya kuthibitisha mwenye laini, na hapo ndipo laini ya jina la jirani inapogeuka kuwa tatizo. Malizeni suala la usajili kwanza.

Mteja ameweza, lakini nyumbani simu inashikwa na mtu mwingine. Usianze kwa lawama, kwani mara nyingi ndugu waliichukua wakati wa ugonjwa kwa sababu hapakuwa na mwingine wa kulipa bili, na hakuna aliyewaambia kwamba muda wa kuirudisha umefika. Waite, umwache mteja anunue umeme mbele yao kuanzia mwanzo hadi mwisho, kisha umuulize yeye, si wao, ni kazi gani za simu angependa waendelee kumsaidia.